Daftari Chini ya Mto

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu mna daftari lililofichwa chini ya mto. Huenda ni la kijana aliyemaliza skuli, au la binti ambaye mchana hukaanga maandazi na usiku huandika. Siku moja hutolewa, jamaa husomewa, na wote husema, "Mashaallah, hiki ni kitabu!" Hapo ndipo taabu huanza, maana sifa za nyumbani si hukumu.

Mtazame mmoja aliyefika. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya hadithi ya 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka 1960. Wako wasemao ati ni bahati. Bahati ipi? Tangu 1948 alikuwa mhariri gazetini. Miaka kumi alisahihisha maneno ya wengine kabla hajatoa hadithi yake. Tena hakutupa mawaidha matupu. Ametuwekea maiti ya Bwana Ali Bomani penye mzimu, halafu Bwana Msa na kiko chake, ambaye hakubali ila alichokipima kwa akili. Ushirikina unapingwa ndani ya kisa chenyewe, bila ya mwandishi kupanda mimbari. Kasoro anazo: mafundo yake hufunguliwa mwishoni kwa maelezo marefu mno. Walakini mchapishaji hatafuti kitabu kisicho kasoro. Atafuta mtu aliyeijua kazi yake.

Vijana wetu hupeleka mswada ungali mbichi. Riwaya yapasa imalizwe, isomwe na mtu asiye jamaa (jamaa watakuonea haya), isahihishwe, ndipo iende. Kitabu cha maarifa, kama vile historia ya mji au mapishi, baadhi ya wachapishaji huridhika kwanza na muhtasari na sura mbili tatu. Na ujue huyo unayemwandikia hutoa vitabu vya namna gani. Wachapishaji wetu wengi huishi kwa vitabu vya skuli. Kumpelekea diwani mtu wa vitabu vya hesabu ni kutia maji katika pakacha. Barua iwe fupi, kisha ni subira, pengine ya miezi. Mashindano nayo yangaliko: tuzo iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea miswada isiyopata kuchapishwa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Namjua mama mmoja aliyeuza bangili zake za dhahabu ili kitabu cha mwanawe "kikubaliwe". Kilikubaliwa, bila shaka! Masanduku yake yangali uvunguni mwa kitanda. Mchapishaji wa kweli ndiye agharimiaye chapa, na mwandishi hupata mrabaha, yaani fungu katika kila nakala inayouzwa, mara nyingi karibu na asilimia 10. Akikwambia ulete pesa, huyo ni mpiga chapa. Hapana ubaya kumlipa mpiga chapa ukitaka kuuza mwenyewe, ila ajiite kwa jina lake.

Na mkataba ukija, tunaona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza ni kumtuhumu mtu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, inatuamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi twatia sahihi tukiwa tumesimama mlangoni! Mwanao na aulize haki anaitoa kwa miaka mingapi, tafsiri ni ya nani, hesabu ya mauzo ataletewa lini, na kitabu kikikoma kuchapwa, haki zinamrudia au la. Akijibiwa kwamba hayo si desturi, arudi nyumbani na mswada wake kwapani.