Shilingi ya Karatasi na Mikunjo Yake Minne

Bahasha ilikuwa ya kaki, imelainika kama kitambaa. Mzee aliilaza juu ya meza ya kibanda cha chai, hatua chache kutoka soko la Suq Mugdi mjini Garissa, akachomoa noti mbili za shilingi moja. Naam, shilingi moja, tena ya karatasi. Mjukuu wake aliyekaa pembeni alicheka. Shilingi anayoijua yeye ni sarafu, na ikianguka barabarani hakuna anayejisumbua kuinama.

Noti zenyewe ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zina tarehe 1 Januari 1943. Wino ni wa buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, juu ya zambarau hafifu, na Mfalme George wa Sita yuko upande wa kushoto. Zilitolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili, sarafu za chuma zilipokuwa hazitoshi. Kufika kwa shilingi hii hadi Somalia si kitendawili. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka upande wa Mto Tana, yakaingia Kismayu tarehe 14 Februari na Mogadishu siku 11 baadaye. Shilingi ikafuata nyuma ya malori, lira 24 za Kiitalia kwa shilingi moja, ikatumika Somalia hadi 1950 fedha mpya, somalo, ilipochukua nafasi yake, moja kwa moja. Kwa hiyo mfugaji aliyeuza ng'ombe Garissa aliweza kwenda kununua sukari Kismayu bila kubadilisha hela.

Sasa tuipime. Wengi huanza kwa kuangalia sura ya mfalme kama ingali safi. Mimi huanza na jua, na Garissa jua si la kutafuta. Niliinua noti ya kwanza juu ya uso wangu, mwanga ukapenya mahali patatu palipopangana katikati kama vitundu vya sindano. Hapo historia yake inasomeka. Ilikunjwa katikati, ikakunjwa tena upande uleule, halafu ikakunjwa kwa urefu, ikafungwa pindoni mwa nguo. Mikunjo mitatu imesimama, mmoja umelala, na kila inapokutana karatasi imechoka hadi kutoboka. Mzee alipoona nahesabu alisema tu, "Baba alikuwa anafunga hivyo," akaonyesha kwa ncha ya macawis, kikoi chake cha kiunoni.

Baada ya jua, niliilaza noti usawa wa macho ili mwanga uikwaruze kutoka ubavuni. Huo ndio unaofichua mikunjo midogo ambayo jicho la juu halioni. Halafu pembe: zilikuwa za mviringo, dalili ya mikono mingi. Halafu kingo, kuona kama kuna aliyezikata kwa makasi kuzinyoosha. Mwisho pua. Usicheke, noti iliyofuliwa hunuka sabuni miaka mingi baadaye.

Wakusanyaji duniani hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na kampuni za Marekani kama PMG, iliyoanza 2005, huifungia noti ndani ya plastiki ngumu yenye namba yake. Mkunjo mmoja mwepesi unatosha kuishusha hadi 58. Ikiwa na mikunjo mepesi minne hadi saba, inaangukia karibu na 35. Ya mzee, kwa matundu yale na uchafu wa jasho, sikuipa zaidi ya 12.

Ubaya wa kipimo hiki, kwangu, ni kwamba noti iliyofanya kazi ndiyo inayoadhibiwa. Noti kubwa ililala sandukuni kwa mwenye duka. Shilingi moja haikulala. Ilinunua chumvi asubuhi, jioni iko mkononi mwa mtu mwingine. Ndiyo maana ukikutana na shilingi ya 1943 isiyo na mkunjo hata mmoja, jiulize kwanza ilijificha wapi.

Wamarekani walipitia uhaba kama huu wa sarafu kabla yetu. Mwaka 1862, katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, watu walificha sarafu, chenji ikakosekana madukani, wakaanza kulipana kwa stempu za posta. Serikali ikatoa noti za senti, kuanzia senti 3 hadi 50, na mtindo huo ukaendelea hadi 1876. Moja ya senti 5 ilitoka na picha ya Spencer Clark, ofisa wa Hazina aliyekuwa hai na kazini, na mwaka 1866 Bunge likapiga marufuku sura ya mtu aliye hai kwenye fedha zao. Wapimaji wa vinoti hivyo hutazama sana pambizo, kwa sababu mara nyingi vilikatwa ovyo, na chenye nafasi nyeupe pande zote nne ni adimu.

Na ng'ambo ya mpaka, noti ndogo kuliko zote kwa thamani imekuwa ile yenye namba kubwa: shilingi 1,000 ya Somalia ya mwaka 1990, yenye wanawake wanaosuka vikapu. Thamani yake miaka ya karibuni imekuwa kama senti nne za dola. Benki Kuu ilipoanguka 1991, wenye nguvu na wafanyabiashara waliagiza zao kutoka nje, na Shirika la Fedha la Kimataifa limewahi kukadiria kwamba karibu asilimia 98 ya noti za Somalia zilizo mikononi mwa watu ni bandia. Kwa mkusanyaji hapo kuna kichekesho: iliyotoka Benki Kuu yenyewe ndiyo ya kutafutwa kwa tochi, ilhali sokoni zote mbili zilinunua chai ileile.

Nikarudi kwenye bahasha. Noti ya pili ilikuwa nyoofu ajabu, nikafurahi kwa muda wa pumzi moja. Juani, vitundu vilevile vitatu. Kwa mwanga wa ubavuni hakukuwa na bonde la mkunjo, ila wino ulikuwa umekatika kwa mistari myeupe palepale mikunjo ilipokuwa, na karatasi ilikuwa na mng'ao wa suruali ya shule. Pasi. Nyuzi zimebanwa, na hakuna ufundi wa kuzirudisha.

"Mzee, hii imepigwa pasi."

Mzee hakusema neno. Aligeuka tu, akamtazama mjukuu.

"Babu, nilidhani inapendeza," kijana alisema. "Na moto ulikuwa mdogo."