Wino wa Goseki Kojima

Mwaka 2014 mchoraji Naoki Urasawa alianzisha katika televisheni ya NHK ya Japani kipindi kisicho na mbwembwe. Kamera hutegwa kwenye chumba cha kazi cha mchoraji wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, watu wa televisheni huondoka, na mchoraji huachwa na karatasi yake. Baadaye Urasawa huketi naye wakaitazama kazi ile pamoja, mafundi wawili wakizungumza juu ya mikono.

Ukitulia ukatazama, unaona nibu ikichovywa kidauni, ikakung'utwa kidogo, kisha ikavutwa kwa pumzi moja kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Mstari huanza mwembamba, hunenepa pale mkono ulipokandamiza, halafu hufifia. Nywele hujazwa wino mweusi ti, isipokuwa ukanda mdogo ulioachwa bila kuguswa, na ukanda huo ndio unaozing'arisha. Akitaka mawingu, mchoraji hubandika karatasi laini yenye vitone, kisha huikwangua kwa ncha ya wembe, taratibu, mpaka mwanga utokeze. Fundi wa nakshi za milango analijua jambo hili: ua huonekana kwa sababu ya ubao uliotolewa.

Huulizwa mara nyingi kama watu waliokulia katika vitabu vya Superman na Spider-Man nao huzifurahia manga. Huzifurahia, tena si leo wala jana. Wanaotaka ushahidi hukimbilia mauzo. Mimi huwatazama wachoraji wenyewe, kwa sababu mchoraji akipenda kazi ya mwenzake, mkono wake hubadilika, na mkono hauwezi kuficha.

Mmoja wa waliopendwa hivyo ni Goseki Kojima, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1928, siku ileile aliyozaliwa mchoraji mwenzake Osamu Tezuka. Ulimwengu umemkumbuka Tezuka, na anastahili. Yeye aliipenda sana kazi ya Walt Disney akatoka nayo na kitu ambacho Disney hakukifikiria. Lakini mimi namlilia Kojima, aliyefariki mwaka 2000. Alifika Tokyo mwaka 1950 akajipatia riziki kwa kuchora picha za kamishibai, zile ambazo watambaji wa mitaani walikuwa wakiwaonyesha watoto moja baada ya nyingine huku wakisimulia. Mtu aliyefunzwa na kazi hiyo anajua ni wakati gani macho ya mtoto yanapaswa kungoja.

Kati ya 1970 na 1976 alichora, kwa maandishi ya Kazuo Koike, hadithi ambayo wasomaji wa Kiingereza wanaijua kwa jina la Lone Wolf and Cub. Ogami Itto, mtekelezaji wa hukumu za kifo za shogun, mtawala wa kijeshi, anasingiziwa uhaini na kuangamiziwa nyumba yake. Anashika njia na mwanawe mdogo, Daigoro, akimsukuma katika kigari cha mbao. Juzuu zote zikikusanywa ni 28.

Mapanga yamo tele, lakini kinachonirudisha kwenye vitabu hivyo ni kurasa zisizo na neno. Nyasi zimelala upande mmoja kwa upepo. Gurudumu limekaa kwenye tope. Daigoro anatazama kitu tusichoonyeshwa, na macho yake hayalii wala hayacheki. Mistari ya Kojima ina unyevu wa brashi, na mahali pengine imeachwa ikakauka njiani, nawe unauona mwendo wa kiganja. Mvua hupewa ukurasa wake. Hakuna anayeharakishwa, wala baba, wala mtoto, wala anayesoma.

Kwa Mmarekani wa wakati ule hili lilikuwa jambo geni. Kitabu chake cha kila mwezi kilikuwa na kurasa kama ishirini hivi za hadithi, na ndani yake shujaa ilibidi aruke, apigane, aeleze kwa maneno kile anachokifanya, na atuache na hamu ya mwezi ujao. Mchoraji wa Kimarekani Frank Miller alikutana na wino wa Kojima kabla hadithi hiyo haijatafsiriwa kwa Kiingereza, na hadithi yake Ronin iliyoanza kutoka mwaka 1983 inalia kwa athari hiyo kila baada ya kurasa chache. Kampuni ya First Comics ilipoanza kuitoa tafsiri mwaka 1987, Miller ndiye aliyechora majalada ya mwanzo.

Mwingine ni Stan Sakai, aliyezaliwa Kyoto akakulia Hawaii. Tangu 1984 amekuwa akichora safari za sungura samurai, Usagi Yojimbo, na karibu kazi yote huifanya mwenyewe: penseli yake, wino wake, hata maneno ya wahusika huyaandika kwa mkono. Ukiuliza kama hiyo ni ya Kimarekani au ya Kijapani, utakuwa unauliza mto uko upande gani wa daraja. Wachoraji wa Japani na wa Ufaransa nao walifunzana vivyo hivyo. Mjapani Katsuhiro Otomo alijifunza kwa Mfaransa Moebius na Moebius akamheshimu. Mjapani mwingine, Jiro Taniguchi, aliwasoma Wafaransa kwa upendo mpaka Wafaransa wakamwona ni wao. Tamasha la hadithi za picha la Angoulême, Ufaransa, lilimpa Otomo tuzo yake kuu mwaka 2015, na Mjapani mwenzake Rumiko Takahashi akaipata mwaka 2019.

Hata hivyo mapokezi yalikuwa na ukatili wake. Kwa kuwa Wajapani husoma kutoka kulia, wachapishaji wa Magharibi katika miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wakizigeuza kurasa kama kwenye kioo, ili mnunuzi asisumbuke. Samurai wakawa wa mkono wa kushoto, na mapanga yao yakahamia ubavu usiofaa. Baya zaidi ni kimono. Aliye hai huikunja upande wa kushoto juu ya ule wa kulia; kinyume chake huvishwa maiti. Kwa miaka mingi, basi, wasomaji waliletewa vijiji vizima vya watu waliovikwa sanda, wakipika, wakicheka, wakienda sokoni. Mchoraji alikuwa ameupanga kila mkunjo wa nguo ile. Mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop iliamua kuziacha kurasa zilivyo, na wasomaji, ambao walidhaniwa wavivu, wakajifunza kuanzia kulia bila manung'uniko.

Leo wasomaji ni wengi mno. Serikali ya Ufaransa ilipowapa vijana wa miaka 18 euro 300 za mambo ya utamaduni mwaka 2021, walinunua manga kwa wingi hata msaada wenyewe ukabandikwa jina la manga. Nilifurahi. Lakini tazama zinavyosomwa. Kurasa mbili zilizochorwa zikabiliane, jeshi likianzia ukingo mmoja na kuishia mwingine, hukatwa katikati ili zitoshe kwenye simu. Sura iliyoibwa husambazwa kabla haijatoka rasmi, ikamalizwa kwa dakika tatu, na kinachoulizwa ni nani amekufa. Hakuna anayeuliza nani amechora.

Kishikwambi nacho kimeingia katika vyumba vya kazi, na wapo mabingwa wanaokitumia vizuri. Ila mstari unaoweza kufutwa mara mia hauna woga, na uso uliochorwa bila woga huwa laini kupita kiasi. Mchoraji Kentaro Miura aliianza hadithi yake Berserk mwaka 1989, akachora deraya kwa mstari mmoja mmoja mpaka chuma kikawa na uzito. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 54, kazi haijaisha. Kouji Mori, rafiki yake wa ujanani aliyesimuliwa mwisho wa hadithi, ndiye anayewaongoza wanafunzi wa Miura kuimalizia. Mchoraji Akira Toriyama naye alituacha Machi 2024. Wanaondoka, na tunaendelea kutelezesha kidole.

Msomaji, kama unayo manga nyumbani, ya karatasi, ifungue kwenye ukurasa usio na maneno. Usiupite. Fuata mstari mmoja tangu unapoanza hadi unapokauka, kisha litafute jina la aliyeuchora, uwaambie na wanao.