Kifyatuo kikigoma, anzia kwenye silinda

Septemba 1914 Kapteni Max Wintgens wa Ujerumani alikiteka kisiwa cha Idjwi, na Wajerumani wakaishikilia Kisenyi, Gisenyi ya leo, hadi Mei 1916 Wabelgiji walipoivamia Rwanda. Katika vikosi vya makoloni vya Wajerumani ilikuwa bado ikitumika bastola ya jeshi ya mwaka 1879: chuma kizito, risasi sita za kipenyo cha milimita 10.6. Haikuwa hata na fimbo ya kutolea maganda, hivyo yalisukumwa moja moja kwa kijiti. Kifyatuo chake kilikuwa na kazi moja tu, kuiachia nyundo. Nyundo yenyewe ilivutwa kwa dole gumba, na mvuto huohuo ndio ulioizungusha silinda. Ilikuwa silaha iliyopitwa na wakati tayari, ila fundi aliipenda kwa jambo moja: ikikwama, ilijulikana imekwamia wapi. Dole gumba likishindwa, tazama nyundo na silinda. Kidole cha shahada kikishindwa, tazama kifyatuo.

Bastola za silinda za siku hizi zimeuondoa utengano huo. Mvuto mmoja wa kifyatuo hufanya yote: huirudisha nyundo nyuma, hushusha kikufuli kinachoishika silinda, hupandisha kisukumio kinachoizungusha hadi tundu linalofuata, hukiacha kikufuli kipande tena, ndipo nyundo hudondoka. Kidole hupokea uzito wa kazi zote hizo kwa pamoja. Ndiyo maana mwenye bastola mpya iliyogoma husema kifyatuo ni kibovu, na mara nyingi husingizia kisicho na kosa.

Kwanza risasi zitolewe, zihesabiwe, zipelekwe chumba kingine. Hapo hakuna mjadala, hata kwa fundi wa miaka thelathini.

Kisha lijaribiwe jambo ambalo wamiliki wengi hawalijui. Kwenye bastola za Smith & Wesson, silinda ikiwa imefunguliwa nje kifyatuo hakivutiki, kwa sababu kitufe cha kufungulia kimekaa mbele na kinaizuia nyundo. Kirudishe kitufe nyuma kwa kidole, kishikilie, na uishike nyundo isidondoke kwa kishindo. Sasa vuta polepole. Unakihisi kifyatuo na nyundo peke yake, bila silinda. Ikiwa mvuto ni laini, usifungue skrubu hata moja ya ubavuni: ugonjwa uko kwenye silinda. Ikiwa ni mzito vilevile au unakwaruza, basi kweli uko ndani.

Ukiwa kwenye silinda, mshukiwa wa kwanza ni nyota ya kutolea maganda. Punje chache za baruti isiyoungua zikiingia chini yake, nyota haikai chini sawasawa, silinda inasukumwa nyuma na kusugua ukuta. Bastola iliyotoka kiwandani juzi hupatwa na hili baada ya kufyatuliwa kidogo tu, hasa mtu akitoa maganda mdomo wa mtutu ukitazama chini: uchafu huporomoka moja kwa moja pale. Mswaki mkavu unatosha. Mafuta mengi huharibu, kwa kuwa huzikamata punje zinazofuata. Na kwa Rubavu, wilaya ulipo mji huohuo wa Gisenyi, penye unyevu wa ziwa na vumbi jeusi la lava kutoka upande wa Goma, mafuta yaliyozidi hugeuka tope.

Mshukiwa wa pili ni fimbo yenyewe ya kutolea maganda. Smith & Wesson walianza kuuza bastola yenye silinda ya kufunguka ubavuni mwaka 1896, na kwa miongo mingi fimbo ile ilikuwa na hesi za kawaida. Silinda zao huzunguka kinyume cha saa, na mzunguko huo ulikuwa ukiilegeza fimbo taratibu. Ikilegea hurefuka, huugandamiza mshiko wa mbele, silinda inakuwa ngumu kufunguka na kifyatuo kinakuwa kizito bila sababu inayoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakageuza hesi ziwe za mkono wa kushoto. Kwa maoni yangu ni marekebisho ya maana kuliko mengi yaliyotangazwa kwa mbwembwe, na yalichelewa mno. Hata hivyo fimbo iliyofungwa vibaya kiwandani bado hulegea, kwa hiyo iguswe kwa vidole kabla ya kulaumu springi.

Bastola ikivutika vizuri ikiwa tupu, ikagoma ikiwa na risasi, kosa ni la risasi. Fataki iliyochomoza kidogo kwenye kitako cha ganda husugua ukuta wa nyuma. Kwenye bastola nyepesi, mtikisiko wa risasi ya kwanza huweza kukichomoa kichwa cha risasi ya tano kikatokeza mbele ya silinda na kukwama kwenye fremu.

Wapo wanaotaka tu kupunguza uzito, wakalegeza skrubu iliyo mbele ya mpini inayoikaza springi ya nyundo. Kifyatuo hulainika kweli. Halafu nyundo hugonga fataki kwa unyonge, risasi haiwaki, na mtu anarudi dukani na lalamiko jipya aliloliunda mwenyewe.

Linabaki kosa ambalo ni la kiwanda hasa. Silinda ikiwa tupu, izuie kidogo kwa kidole, vuta nyundo polepole, sikiliza: kikufuli lazima kilie kikiingia kwenye tundu lake kabla nyundo haijafika mwisho. Kisipoingia, kisukumio ni kidogo mno, na risasi inaweza kufyatuliwa ikiwa haijalingana na mtutu. Hapo tupa haina kazi, kwa sababu hupunguza chuma na hapa chuma kinahitaji kuongezwa. Bastola irudi kwa muuzaji aliyeidhinishwa iwekewe kisukumio kikubwa zaidi, kisha ipimwe tundu kwa tundu, maana mara nyingine ni moja tu kati ya sita linalochelewa.