Santuri ya Kwanza ya Queen

Wasomaji wetu wengi wa Rungwe na Tukuyu wamepata kusikia ya kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, alizaliwa Unguja mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Walakini walioisikiliza santuri ya kwanza ya kundi hilo, iliyotolewa Julai 1973, si wengi. Twapenda kuipima, hasa kwa kuwa ndani yake umo wimbo uitwao "Jesus", alioutunga Mercury mwenyewe, ingawa wazazi wake walishika dini ya Zoroasta.

Waliirekodi London, katika studio ya Trident, zaidi katika saa ambazo wenye kulipa hawakuwapo. Ngoma zasikika kavu, kama debe lililofunikwa blanketi. Mwaka 2024 santuri ilitolewa upya na sauti hizo zikatengenezwa. Bali gitaa la Brian May halina ila. Alilitengeneza pamoja na baba yake, shingo yake wakaichonga kwa ubao wa mahali pa moto pa kale, nalo hulia kama tarumbeta za kanisani.

Roki ya namna hii haifuati ubeti na kiitikio tu; mwendo hugeuka ghafula, mara upole, mara kishindo. "Liar" hupita dakika sita, nasi twauona umerefushwa bure. Katika "My Fairy King" sauti chache zimerekodiwa moja juu ya nyingine hata zikawa kundi kubwa, na mwalimu wa kwaya aliyezoea sauti nne atakaa kitako asikilize.

Tuje kwa "Jesus". Mwenye ukoma aanguka miguuni, aguswa kichwani, aenda zake mtu mpya. Mtunzi amempa kengele mkononi, jambo lisiloandikwa katika Injili. Ni desturi ya Ulaya ya zamani. Tena mamajusi na nyota ya Bethlehemu waja mwishoni, baada ya uponyaji, na msalaba hautajwi kabisa. Mpangilio huo wa nyuma-mbele hautuchukizi: ndivyo mtu wa mkutanoni asimuliavyo, akianza na aliyoyaona kwa macho, kisha akiuliza habari za asili yake. Upungufu wa msalaba ni mzito zaidi, maana wimbo wabaki na mshangao wa umati tu.

Kiitikio chake kwaya yaweza kujifunza kwa jioni moja. Lile gitaa refu la katikati na waachiwe wenyewe.