Tezi, Omo na Ngama: Sanaa ya Mabaharia wa Pwani ya Tanga

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waliosema hivyo walikijua chombo. Tezi na omo ndiko macho ya watu wa pwani hutua kwanza, na ndiko baharia alikoweka mapambo yake. Ngama ni kule chini gizani, ambako maji yaliyopenya hukusanyika yakingoja kufuliwa. Wengi wanaoisifu sanaa ya mabaharia huishia tezi na omo, ilhali kipimo cha sanaa hiyo kiko ngamani.

Mapambo si ya kudharauliwa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, ulikuwa na omo mithili ya kichwa cha ngamia, macho mawili ya kutazamia njia, na vitambaa vya kupepea juu ya tanga la mkeka. Katika vyombo vya leo, kutoka Moa hadi Pangani na Kipumbwi, pambo kubwa ni jina. Jina la chombo ni ndugu wa jina la kanga: maneno mawili matatu yanayobeba dua, tambo au fumbo. Lililo bora humsema mwenye chombo na kumjibu hasidi wake kwa pamoja. Lililo dhaifu ni rangi tu.

Lakini msomaji na ashuke mchangani Pangani maji yakipwa. Chombo kimetiwa magadi. Mabaharia wanakiparuza magamba na mwani. Fundi anashindilia pamba yenye mafuta baina ya mbao kwa patasi na nyundo, na hiyo ndiyo kalafati. Kisha tumbo hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kumzuia mdudu wa baharini atoboaye mbao. Juu ya mkato wa maji hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo lugha yetu imeyapa jina moja na sifa za watu. Ila hizi zina uvundo na zina faida. Yote hayo yana mizani yake: maji hayamngoji fundi. Akipitisha wakati, bahari humkatia mshororo katikati.

Mpenzi wa ushairi atalielewa jambo hili upesi. Vina hukaa kwenye ncha za mshororo kama rangi ikaavyo tezi na omo, na vikimeta humfurahisha msikilizaji. Shairi, hata hivyo, huvujia baina ya neno na neno, pasipopambwa.

Mtepe wenyewe ni shahidi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na bandari yake ya Rhapta wataalamu wengine wameikisia kuwa Pangani. Sanaa iliyodumu hivyo ilikatika katika karne ya 20. Haikukatika kwa kusahauliwa sura yake, kwani picha na mifano midogo ipo. Ilikatika ilipokosa mikono ya kushona upya kamba zilizolegea. Mwaka 2003 mtepe uliundwa upya, ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo nayo ikaporomoka. Makumbusho pia yataka kalafati.

Leo mbao ngumu ni adimu, boti za faiba zinaongezeka, na mbao za majahazi makuukuu zinageuzwa meza na viti vya hoteli. Mnunuzi hufurahia rangi iliyochujuka, akidhani amenunua sanaa ya bahari. Alichonunua ni tezi na omo. Atakayeandika tena juu ya majina na macho ya vyombo vya Tanga aanze kwa kumwuliza fundi chombo kilikalafatiwa lini, na nani anafundishwa kushika patasi baada yake. Jibu la swali la pili ndilo litakaloamua kama pana sanaa ya kuhakikiwa kesho.