Ulaini Si Kosa

Wapiga gitaa wanaoibeza jazi laini husahau kwamba mlango wake ulifunguliwa na mmoja wao. Mwaka 1967, Wes Montgomery, aliyepiga nyuzi kwa kidole gumba, alirekodi A Day in the Life, gitaa likielea juu ya fidla nyingi. Mwaka 1976 George Benson akatoa Breezin', iliyofika kileleni mwa chati za jazi na za pop nchini Marekani. Mvuto haufichiki: gitaa linasikika kama mwimbaji, na lahani haimtesi msikilizaji aliyechoka.

Basi kasoro i wapi? Mwaka 2000 Pat Metheny alimshutumu hadharani mpiga saksafoni Kenny G kwa kuongeza ala yake juu ya rekodi ya Louis Armstrong, aliyefariki mwaka 1971. Mpiga gitaa Richard Thompson akamuunga mkono kwa wimbo wa dhihaka. Shutuma hiyo ina uzito, kwa kuwa gitaa la Metheny nalo ni pole. Kinachokosolewa hapo si upole wa sauti, bali mazungumzo ambayo upande mmoja hauwezi kujibu.

Hicho ndicho kipimo. Katika This Masquerade, Benson huimba sambamba na nyuzi zake, na msikilizaji hajui noti ifuatayo itaangukia wapi. Warithi wake wengi wameuchukua utamu huo, wakaiacha hatari iliyouzaa. Bila hatari hiyo, jazi hubaki pambo la chumba cha kusubiria.