miR-223: kukutwa ndani si kukutwa kazini

Tangu Ambros na Ruvkun wapewe Nobeli ya 2024 kwa kugundua maikro-RNA, sentensi moja imekuwa tamu sana midomoni mwetu: "maikro-RNA huendesha chembe sahani za damu." Hata mimi niliwahi kuiandika kwenye pendekezo la utafiti, msimamizi wangu akaizungushia kalamu nyekundu. Nilinuna. Leo naona alikuwa sahihi.

Chembe sahani, kwa asiyezijua, ni vile vipande vidogo vinavyokimbilia jeraha ili damu isiendelee kutoka. Zinamegeka kutoka kwenye seli kubwa za uboho, zinaishi siku 7 hadi 10, basi. Hazina kiini, kwa hiyo haziwezi kunakili jeni upya. RNA zilizomo, zikiwamo nyingi zisizotengeneza protini, karibu zote ni mzigo wa urithi kutoka kwa seli mama.

Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba mzigo huo una maikro-RNA tele, pamoja na Ago2, protini inayozitumia kunyamazisha jumbe za jeni. Iliyovuma ni miR-223, kwa sababu inashika ujumbe wa P2Y12. Na hapo nawaelewa waliosisimka: P2Y12 ndicho kipokezi kinachozibwa na klopidogreli, dawa wanayopewa watu waliowekewa kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo. Hadithi ikajiandika yenyewe. miR-223 ikishuka, P2Y12 inapanda, dawa inashindwa. Kwa hiyo pima miR-223 kwenye damu, umjue mgonjwa ambaye dawa haitamfaa.

Ila panya wasio na miR-223 kabisa, walipochunguzwa 2013, chembe sahani zao zilifanya kazi kama kawaida. Mwaka 2015 kundi jingine likaona chembe za panya kama hao zikijenga madonge makubwa kuliko kawaida. Haya, nani tumwamini? Mapishi ya majaribio hayafanani, na panya si mtu.

Linaloniudhi zaidi ni hicho kipimo cha damu. Chembe sahani zikiamshwa humwaga maikro-RNA nje. Dawa ikizituliza, miR-223 kwenye plazma hushuka, na hilo limeonekana kwa watu. Sasa mgonjwa ana miR-223 ya chini: dawa imeshindwa, au imefanya kazi vizuri? Namba ni ileile, maana mbili zinazopingana, na katikati yupo mtu mwenye kijibomba moyoni anayesubiri daktari aamue kubadilisha dawa au la.

Halafu kuna uchafu wa maabara. Chembe nyeupe nazo zimejaa miR-223, zikibaki chache tu zinavuruga hesabu. Seramu ndiyo kabisa: damu ikiganda kwenye tyubu, chembe sahani zinamwaga kila kitu humohumo. Heparini, ambayo wagonjwa wa moyo huchomwa wakati wa matibabu, inakwamisha PCR.

Sisemi miR-223 ni ya bure. Ningependa sana ifanye kazi, maana klopidogreli kweli haiwakubali wote. Lakini siku hizi nikipewa makala ya namna hii kwenye kikao chetu cha Ijumaa, naruka muhtasari naenda kwenye mbinu: damu iliwekwa tyubu gani, ilizungushwa mara ngapi kabla ya kugandishwa, na ilitolewa kabla au baada ya kidonge.